Askari wa Mwili na Maradhi ya Kifua Kikuu

Watu wawili hulala chumba kimoja na kuvuta hewa moja yenye viini vya kifua kikuu. Mmoja hakohoi hata siku moja. Mwenziwe hukonda, hutokwa na jasho usiku, hutema makohozi yenye damu. Jirani atasema karogwa. Jawabu, msomaji mpenzi, limo katika askari wa mwili wenyewe.

Kiini kikifika ndani ya mapafu hupokewa na chembe ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni. Lakini kiini hiki, ambacho Robert Koch alikitangaza mjini Berlin mwaka 1882, kina hila: kikisha kumezwa hukataa kuyeyushwa, kikafanya makao tumboni mwa askari aliyekimeza. Hapo huja chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe T, zikawatia nguvu walaji hao, na kwa pamoja wakakizunguka kiini kwa kinundu mfano wa ngome. Takriban robo ya watu duniani wamepata kuambukizwa, na wengi wao hawaugui maisha yao yote.

Ngome hubomoka askari wakipungua. Virusi vya Ukimwi huziangamiza chembe T zizo hizo. Kisukari na lishe duni huzidhoofisha. Askari wa mtoto mchanga bado hawajakomaa, na kwake viini huweza kupanda hadi kwenye utando wa ubongo. Hiyo ndiyo faida kubwa ya chanjo ya BCG anayodungwa mkononi azaliwapo.

Lakini askari wakizidi ghadhabu nao huharibu. Mashimo ya mapafu hayachimbwi na kiini peke yake. Mengi ni kazi ya chembe zetu wenyewe, zinazoyeyusha nyama ya pafu katika vita hivyo. Kwa hiyo mwenye Ukimwi uliokithiri mara nyingi hana mashimo, na makohozi yake huenda yasionyeshe kitu kwenye darubini. La kuogofya ni hilo: aliye dhaifu zaidi ndiye awezaye kurudishwa nyumbani akiambiwa hana kitu. Kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba vya kiini humfaa zaidi.

Kwa sababu iyo hiyo, mwenye kifua kikuu cha ubongo hupewa deksamethasoni pamoja na dawa za kuua viini, ili askari watulizwe. Na aanzaye dawa za Ukimwi huku akitibiwa kifua kikuu huenda akazidiwa wiki za mwanzo, homa ikampanda na tezi zikavimba, kwani askari wamerejea kwa kishindo. Wapo wanaodhani dawa zinawadhuru wakazitupa. Asiziache, arudi kwa daktari upesi.

Matibabu ya kawaida ni miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, kisha dawa 2 kwa miezi 4. Kikohozi hutangulia kuondoka, viini vikabaki. Na watoto wa nyumba hiyo walio chini ya miaka 5 wapelekwe kliniki hata kama hawakohoi, kwani ipo dawa ya kuwakinga.