Kamba ya Mita Tano: Namna Majimbo ya India Yanavyowafidia Wakulima

Upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukiyarejesha majahazi ya Kutch na Surat makwao baada ya biashara ya Lamu na Unguja, hufika pwani ya Kerala mnamo siku za mwanzo za mwezi wa Juni ukiwa umebeba mvua, kisha hupanda kaskazini jimbo baada ya jimbo; na kwa kuwa karibu nusu ya mashamba ya India hayana maji ya mfereji wala ya kisima, kuchelewa kwake kwa majuma matatu, au kuja kwake kwa ghadhabu wakati mpunga umekwisha kuchanua, hutosha kumtia mkulima katika madeni ya miaka. Ni nani basi apaswaye kuibeba hasara hiyo pamoja naye, na kwa kipimo gani? Swali hili si geni kwa Wahindi. Mwaka 1920, katika milki ya Mysore, J. S. Chakravarti alikwisha kuandika kitabu chenye tadbiri kamili ya kuwawekea wakulima bima ya mvua, lakini iliichukua India mpaka mwaka 1985 kuanzisha mpango wa bima ya mazao wa nchi nzima.

Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, iliyagawa madaraka kwa orodha, na ukulima ukaandikwa katika orodha ya majimbo; walakini kodi zilizo nono zilibaki mikononi mwa serikali kuu ya Delhi, hata ikawa jimbo lina wajibu wa shamba pasipo kuwa na mali ya kuutimiza peke yake. Kwa sababu hiyo fidia ya mkulima aghalabu hutoka katika mifuko miwili, na atakaye kufahamu kwa nini imechelewa hana budi kuuliza kwanza ni mfuko upi ambao haujafunguliwa.

Njia kongwe ya kumfaa mkulima ni msaada wa maafa. Kila jimbo lina mfuko wake, ambao Delhi hutia robo tatu na jimbo robo moja, isipokuwa majimbo ya milima ya Himalaya na ya kaskazini-mashariki, ambayo hutia fungu moja tu katika kumi. Mafuriko yakishapita, karani wa ardhi, ambaye huko Punjab huitwa patwari, huzunguka mashambani na daftari lake akiandika nani amepoteza nini. Na aliyepoteza asilimia 33 ya mazao au zaidi (kabla ya mwaka 2015 sharti lilikuwa nusu nzima) hustahiki rupia 8,500 kwa hekta ya shamba la mvua, 17,000 kwa shamba la umwagiliaji, na 22,500 kwa mazao ya kudumu, wala hahesabiwi zaidi ya hekta mbili. Viwango hivi, vilivyowekwa kwa miaka ya 2022 hadi 2026, havikukusudiwa kulipa thamani ya mazao bali kumwezesha mtu kununua mbegu tena, na jimbo linaloona haya kwa uchache wake huongeza kutoka katika hazina yake, kama Punjab ilivyotangaza rupia 20,000 kwa ekari baada ya mafuriko ya mwaka 2025.

Bima ni habari nyingine, na hapa yafaa tukae kitako, maana ndipo penye fedha nyingi na manung'uniko mengi. Katika mpango mkuu uitwao Pradhan Mantri Fasal Bima Yojana, uliozinduliwa mwaka 2016, mkulima hulipa asilimia 2 ya thamani iliyokatiwa bima kwa nafaka za msimu wa mvua, asilimia 1.5 kwa zile za kipupwe, na asilimia 5 kwa mazao ya biashara na ya bustani. Kampuni ya bima, ambayo hushinda zabuni ya kuhudumia wilaya kadha wa kadha, hudai ada kubwa kuliko hiyo, na tofauti iliyobaki aghalabu hugawanywa nusu kwa nusu baina ya Delhi na jimbo. Tangu mwaka 2020 Delhi imejiwekea mpaka: ada ikizidi asilimia 30 katika mashamba ya mvua, au 25 katika ya umwagiliaji, ziada yote huangukia jimbo. Yaani palipo na ukame wa mara kwa mara, na kwa hiyo ada ya juu, ndipo jimbo hubeba mzigo mzito zaidi.

Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kupata hasara ni kwamba, kwa ukame na kwa upungufu wa mavuno kwa jumla, shamba la mdai halipimwi. Kinachopimwa ni kijiji. Mavuno yakikaribia, afisa wa jimbo hufika na orodha ya mashamba yaliyochaguliwa kwa nambari za sadfa, ili asiwepo wa kusema kwamba ameelekezwa kwenye shamba la shemeji yake. Huhesabu hatua kutoka pembe ya shamba kwa mujibu wa nambari hizo, hupigilia vigingi vinne, na kuzungusha kamba katika mraba ambao kwa mpunga ni mita 5 kwa mita 5. Kilichomo ndani ya kamba hukatwa, hupurwa, hupepetwa na kuwekwa mizanini mbele ya mwenye shamba na mjumbe wa kampuni, na uzito wake ukizidishwa mara 400 ndio mavuno ya hekta. Elimu hii ina asili tukufu, kwani katika miaka ya 1920 J. A. Hubback aliijaribu huko Bihar na Orissa, kisha P. C. Mahalanobis, mwasisi wa taasisi ya takwimu ya Calcutta, akaistawisha kwa hesabu madhubuti katika uchunguzi wa juti wa Bengal ulioanza mwaka 1937. Lakini muradi wa Mahalanobis ulikuwa kuyajua mavuno ya nchi pana, wala si kumlipa Fulani na kumnyima jirani yake. Leo vipimo vinne, yaani mita za mraba 100 kwa jumla, ndivyo vinavyoamua kijiji kizima kilipwe au kisilipwe. Mizani ikikosea gramu 100, hekta imekosewa kilo 40.

Baada ya mizani huja hesabu. Huchukuliwa mavuno ya kijiji ya miaka saba iliyopita, miaka miwili mibaya kuliko yote huachwa, na wastani wa mitano iliyobaki huzidishwa kwa kiwango cha kinga, ambacho ni asilimia 70, 80 au 90. Jibu lake ndilo kizingiti. Tuseme wastani ni kilo 3,000 kwa hekta na kinga ni asilimia 80: kizingiti ni kilo 2,400. Mwaka huu kamba nne zikitoa wastani wa kilo 1,800, upungufu ni kilo 600, ambazo ni robo ya kizingiti, na kila aliyekata bima kijijini hulipwa robo ya thamani aliyoikatia, hata yule ambaye kisima chake kilimwokoa akavuna kama kawaida. Na kinyume chake ni hivyo hivyo: kijiji kikipata kilo 2,400 kamili, mjane ambaye mpunga wake wote ulikauka kilimani hapati hata rupia moja. Sidhani kuwa hii ni dhuluma iliyopangwa. Kupima kila shamba katika nchi ambayo wakulima wengi wanamiliki chini ya hekta mbili kungemeza ada yote kwa posho za wapimaji. Lakini ni wajibu wa anayeuza bima kuyasema haya kabla hajapokea fedha, na kwa kawaida hayasemwi. Mvua ya mawe na mafuriko ya mahali pamoja yamepewa ruhusa ya kupimwa shamba kwa shamba, mradi mkulima atoe taarifa ndani ya saa 72. Na tangu mwaka 2023 picha za setilaiti zimeanza kutiwa katika hesabu ya mpunga na ngano, zikipewa uzito wa asilimia 30, jambo ambalo huenda likapunguza ugomvi wa kamba na mizani.

Tuseme sasa kipimo kimetoka na haki imethibiti. Bado kuna ajizi ya hazina. Kampuni hungoja ruzuku ya ada kutoka Delhi na jimbo ndipo imalize madai, na jimbo lililokwisha kutumia fedha zake kwa mishahara hulichelewesha fungu lake, kampuni ikakaa na hoja yake, mkulima akapanda msimu mwingine kwa mkopo wa mfanyabiashara aliye jirani. Taratibu za mwaka 2018 ziliweka adhabu ya riba ya asilimia 12 kwa mwaka, juu ya kampuni inayochelewa kulipa na juu ya jimbo linalochelewesha ruzuku kupita miezi mitatu. Adhabu ni njema katika karatasi. Lakini riba inayolipwa na hazina isiyo na fedha haijazi ghala la mtu.

Si ajabu basi kwamba majimbo kadhaa yalijitoa. Bihar ilijitoa mwaka 2018 ikaanza mpango wake usio na ada, wa rupia 7,500 kwa hekta kwa hasara isiyozidi asilimia 20 na 10,000 kwa iliyozidi, ukiwahusisha pia wanaolima ardhi isiyo yao. Gujarat ikafuata mwaka 2020 kwa rupia 20,000 hadi 25,000 kwa hekta. Maharashtra ilibaki ndani, lakini mwaka 2023 ikaamua mkulima alipe rupia moja tu na jimbo libebe salio lake. Yakafichuka maombi mengi ya uongo, mengine ya ardhi isiyolimwa kabisa, na mwaka 2025 ikarudi kwenye ada ya kawaida. Kitu kisichomgharimu mtu chochote humvuta hata asiyekihitaji, na waliotunga sheria ile wangeliweza kulibashiri hilo.

Telangana ilichagua njia iliyo nyepesi kuliko zote, yaani kugawa fedha mapema bila kungoja maafa. Mpango wa Rythu Bandhu, uliozinduliwa Mei 2018, ulimpa mwenye shamba rupia 4,000 kwa ekari kila msimu, baadaye 5,000, bila kikomo cha ekari. Na mwaka huo huo jimbo likaongeza bima ya maisha ya rupia laki tano kwa wakulima wa miaka 18 hadi 59, ada yake yote ikilipwa na serikali. Fedha zilifika, tena kwa wakati, nalo ni jambo la kusifiwa. Lakini zilifika kwa mwenye hati. Anayemiliki ekari 40 akiwa wakili mjini Hyderabad alipokea mafungu 40, ilhali anayemlimia kwa kukodi, akinunua mbolea kwa fedha zake na kuibeba hasara yote ya ukame, hakupata kitu, na akifa mjane wake hana dai la zile laki tano. Odisha, katika mpango wake wa KALIA ulioanza mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2018, iliwatia wakulima wa mashamba ya kukodi pamoja na kaya zisizo na ardhi, na kwa rai yangu hapo Odisha iliuona ukulima vizuri zaidi, ijapokuwa kuwatambua watu wasio na hati ni kazi ngumu inayovuta fitina za kijijini.

Habari hizi hazipo mbali nasi kama ramani inavyodai. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo iliukabidhi ukulima kwa kaunti, na mwaka 2016 bima ya mahindi inayopimwa kwa eneo ilianza Bungoma, Embu na Nakuru, serikali ikichangia nusu ya ada. Basi wewe uliyeletewa karatasi ya bima ya namna hii utie saini, muulize mjumbe eneo lako linaanzia wapi na kuishia wapi, kizingiti kimetokana na mavuno ya miaka mingapi, na kama fungu la serikali limekwisha kulipwa ama bado. Na ukiwa unalima shamba la kukodi, pata kwanza maandishi kutoka kwa mwenye ardhi kabla hujatoa shilingi.