Dakika Moja na Kikombe cha Maharagwe

Mwezi huu wazazi wameuliza watoto wacheze nini nyumbani bila kununua kitu. Mimi ninao mchezo mmoja. Niliujulia Mulanda, wilaya ya Tororo, mwaka 2008, nikiwa na miaka sita.

Wakenya wa hapa Kiryandongo wanaijua hiyo njia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu kama 12,000 walivuka kuingia Uganda, wengi kupitia Busia na Malaba. Sisi tulivukia Busia. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni, na mkononi sufuria yenye vikombe viwili na vijiko. Mimi nilibebeshwa sinia la bati kichwani, nikalia njia nzima kwa sababu nilitaka kubeba redio. Redio ilibaki.

Katika kambi ya muda ya Mulanda watoto tulikuwa wengi na kazi hatuna. Siku moja tukachukua maharagwe ya mgao, tukawa tunayahamisha kwa mgongo wa kijiko kutoka kikombe hiki hadi kile, mbio mbio. Yakamwagika kwenye vumbi. Mama akatoka hemani, nikajua leo ni leo.

"Chakula hakichezewi! Mtakula nini jioni, vumbi?"

Aliyetuokoa ni nyanya wa hema la pili. Mama alikuwa hajamsalimia hata siku moja, maana lugha yake ilikuwa nyingine na wakati ule watu walikuwa wanaogopana. Nyanya akaomba sinia letu, akamimina kikombe kimoja. "Mama, si haya lazima yachaguliwe kabla ya kupikwa? Basi wachague. Nahesabu sitini, tuone nani atatoa mawe mengi." Akatushinda sisi wote. Mama naye akajaribu, akashindwa kwa jiwe moja tu, akadai arudie. Toka siku hiyo walichagua maharagwe pamoja mpaka tulipohamishiwa huku mwaka huohuo.

Nimeueleza mchezo huu kirefu kwa sababu najua mtasema kama mama. Mgao umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020, nani ana maharagwe ya kuchezea? Lakini hapa hakuna punje inayopotea, na mwisho wa mchezo kazi ya jikoni imeisha.

Darasani tunafanya hivi. Kila mchezaji anapewa kikombe kimoja cha maharagwe yaliyokwisha kuchaguliwa, halafu tunachanganya mawe madogo 15 yaliyooshwa, ili asiwepo wa kulalamika kwamba yake yalikuwa safi. Anamwaga kwenye sinia. Mkono mmoja tu unafanya kazi, mwingine uko mgongoni. Kila jiwe ni alama moja. Ukitoa punje nzima ukidhani ni jiwe, unakatwa mbili. Dakika ikiisha, mawe yote yanatafutwa na kuhesabiwa mpaka yatimie 15, la sivyo kuna mtu atavunjika jino.

Kama hamna simu yenye saa, kata kitako cha chupa ya plastiki, toboa kifuniko kwa msumari mwembamba, uigeuze juu chini, kidole kwenye tundu. Azima saa mara moja tu, ujaribu maji mpaka upate kiasi kinachoisha kwa sekunde 60, uweke alama kwa kalamu. Kinga maji kwa kikombe, yarudi kwenye mtungi.

Wavulana wangu wanaanza kwa fujo, wanachota kiganja kizima, wanakatwa alama mpaka wanabaki na sifuri. Anayeshinda ni yule anayetandaza maharagwe yawe safu moja, kisha anayasukuma kwa kidole upande mmoja akiangalia. Kwa hiyo nyanya na wamama wanatupiga vibaya sana. Watoto wachanga wasikae karibu na sinia, punje huingia puani au kooni upesi.

Rekodi ya darasa ni mawe 13, ya msichana wa darasa la sita. Nilimwambia mama. Akasema hiyo haihesabiki, mawe ya Mulanda yalikuwa na rangi ya maharagwe yenyewe.