Kabla ya kulipa ada ya chama cha wanasayansi

Wengi wananiuliza: mtu wa biolojia au agronomia anayeishi Katoyi, bila labo karibu, afaidike nini kwa kuingia chama cha watafiti wa seli na tishu? Jibu langu: faida iko, ila inategemea unaingia na swali gani.

Tuelewane kwanza. Kukuza tishu ni kukata kipande kidogo cha mmea, kukisafisha mikrobi, na kukiweka ndani ya chupa yenye chumvi, sukari na homoni. Labo nyingi bado zinatumia mchanganyiko wa Murashige na Skoog wa mwaka 1962. Kipande kimoja cha mgomba kinaweza kutoa mamia ya miche.

Huku kwetu hiyo si nadharia tu. Mnyauko wa bakteria uliingia migomba ya Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkulima akichukua chipukizi kwa jirani, anaweza kubeba na ugonjwa. Mche wa labo unaanza ukiwa safi, lakini hauna kinga: panga chafu itauambukiza kama mwingine. Sasa, mche huo tuutunze vipi shambani? Njo swali la TFC hilo!

Ukiwa na swali kama hilo, chama kinakufaa. Society for In Vitro Biology ya Marekani ilianzishwa mwaka 1946. Iko na watu wa mimea na wa wanyama, iko na majarida yake, na mwanafunzi analipa ada ndogo kuliko mtafiti. Humo utapata mtu wa kukueleza kwa nini tishu yako inageuka nyeusi na kufa. Kadi peke yake haitakupa hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa dola zako:

1. Andika swali lako kwa sentensi moja.
2. Tafuta profesa au labo ya kulifanyia kazi.
3. Soma kwanza makala za bure za wanachama.
4. Hakikisha chama kiko na sheria, viongozi wanaojulikana na jarida. Anayetaka utume pesa kwa namba yake binafsi, mwache.

Kule Leuven, Ubelgiji, wanatunza ndani ya chupa zaidi ya aina 1,500 za ndizi. Moja inaitwa Yangambi Km5, ya hapa Kongo. Ndizi yetu inachunguzwa duniani. Na sisi tuwe kati ya wanaoichunguza.