Pesa za saa za kuzidi: mutoto ana sehemu?

Baba na mama wameachana. Watoto wanabaki na mama, baba anatumika ku mugodi. Mashini inaharibika, shefu anaomba watu wabaki usiku, na mwisho wa mwezi mufuko umejaa. Je, ndani ya pesa ile watoto wana sehemu?

Baba anasema: "Hapana, ile ni jasho yangu ya usiku." Mama naye anasema: "Niliona karatasi ya mushahara. Alipe sawa vile kila mwezi." Wote wawili wanakosa.

Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaweka saa 45 kwa juma. Saa sita za kwanza zinazozidi zinaongezewa 30 kwa mia, zinazofuata 60 kwa mia, na saa za siku ya pumziko 100 kwa mia. Sheria ile ile inahesabu pesa hizo kuwa ni mushahara. Basi, baba, usizifiche.

Lakini Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyotengenezwa tena mwaka 2016, inapima malezi kwa mambo mawili: mahitaji ya mutoto na uwezo wa mwenye kutoa. Na uwezo wa mutu hauonekane kwa mwezi mumoja tu.

Tuseme baba anapata franga 390.000 kila mwezi, na miezi mitatu tu alipata 520.000. Ukihesabu kwa 520.000, mwezi wa ine deni inaanza, na kesho baba anakimbia. Ukihesabu kwa 390.000 tu, watoto wamenyimwa. Jumulisha miezi yote 12, gawanya kwa 12: ni 422.500. Hapo mutaweza kuzungumuza kwa haki. Ao mupatane hivi: kiasi kimoja cha kila mwezi, na sehemu ya kuongeza wakati saa za kuzidi ziko, kwa viatu na masomo.

Na kama saa zile zimeisha? Baba, usikate pesa kwa kichwa chako. Kama ni tribinali iliyoamua, rudi kule na karatasi zako, uombe kiasi kibadilishwe. Mama naye anaweza kurudi kama mahitaji yameongezeka.

Na wewe kijana unayeanza kazi, chunga karatasi zako zote za mushahara. Siku moja zitasema ukweli kwa ajili ya mutoto wako, na kwa ajili yako pia.