Alama za hali ya mwili wa ng'ombe

Alama za hali ya mwili wa ng'ombe ni namba zinazokadiria akiba ya mafuta na misuli aliyo nayo ng'ombe. Hupatikana kwa kumtazama na kumpapasa mnyama, bila mizani. Uzito peke yake hautoshi, kwa sababu ng'ombe mwenye mimba kubwa, au aliyejaza tumbo kwa maji na nyasi, huweza kuwa mzito ingawa amekonda.

Vipimo

Kwa ng'ombe wa maziwa hutumika sana kipimo cha 1 (amekonda mno) hadi 5 (amenenepa kupita kiasi). Kwa ng'ombe wa nundu (zebu), kituo cha ILCA cha Addis Ababa, Ethiopia, kilichapisha mwaka 1986 mwongozo wa M. J. Nicholson na M. H. Butterworth wenye ngazi 9.

Sehemu zinazochunguzwa

Huchunguzwa uti wa mgongo, mbavu, mifupa ya kiuno, nyonga, makalio na shina la mkia. Kwa zebu hutazamwa pia nundu. Kwenye alama 1 mifupa hiyo imechomoza na kando ya mkia kuna shimo. Kwenye alama 3 mifupa huhisika kwa kubonyeza kidogo. Kwenye alama 5 imefunikwa kabisa na mafuta.

Umuhimu

Baada ya kuzaa, ng'ombe wa maziwa hutoa nguvu nyingi kuliko anazopata katika chakula, hivyo hutumia akiba ya mwili. Kwa kawaida hushauriwa azae akiwa na alama 3 hadi 3.5. Aliyekonda hutoa maziwa machache na huchelewa kushika mimba tena. Aliyenenepa mno huweza kuzaa kwa shida, kula kidogo na kupata ketosisi.

Matumizi

Alama huchukuliwa hasa wakati wa kukaushwa maziwa, kuzaa na kupandishwa. Akikonda ng'ombe mmoja, huchunguzwa meno, minyoo na magonjwa. Wakikonda wengi kwa pamoja, kwanza hutazamwa malisho. Katika maeneo ya ukame, alama zinazoshuka humwonya mfugaji aongeze chakula au auze baadhi ya mifugo mapema, kwani ng'ombe aliyedhoofu hupata bei ndogo sokoni na huweza kufa kabla ya mvua.