Kule Oakmont miti ilikatwa usiku

Hapa Lubumbashi tuko na kartie inaitwa Golf, na wengi wetu tunaipita bila kuuliza ule mchezo unahitaji nini. Unahitaji majani. Majani mafupi sana, yenye kusimama sawasawa, ili mpira mdogo uteleze mpaka kwenye tundu. Na adui wa majani yale, bandugu, si jua. Ni kivuli.

Tunawaletea habari ya Oakmont, karibu na Pittsburgh kule Marekani, muji wa chuma na makaa ya mawe. Henry Fownes, mutu wa viwanda vya chuma, alianzisha klabu ile mwaka wa 1903 kwenye mashamba ya wazi, karibu bila miti. Nyuma, miaka ya 1960, viongozi wa klabu wakaona uwanja hauna uzuri kwa macho, wakapanda miti maelfu. Ikakua. Miaka 30 ikapita, kivuli kikafunika kila pahali.

Kila mama mwenye kulima mahindi chini ya muembe anajua ile: yanatoka membamba, ya manjano. Majani ya gofu ni vilevile. Asubuhi umande unabaki juu yake, upepo haupiti, ukungu unaingia na kuyaozesha. Mizizi ya muti inakunywa maji mbele ya majani. Tena kule iko baridi ya kweli. Penye kivuli barafu inakawia kuyeyuka, majani yanakufa chini yake. Unaweza kutupa mbolea na dawa kila juma, feza inaisha tu.

Basi, miaka ya 1990 wakaanza kukata. Lakini wenye klabu walipenda miti yao, na msimamizi alijua watakataa. Wafanyakazi wakawa wanaingia mbele ya mapambazuko, na taa, sawa vile ekipe inashuka shimoni. Wanaangusha muti, wanasaga kisiki, wanafunika pahali na majani yenye udongo wake, wanafagia unga wa mbao wote. Jua ikitoka, hakuna alama. Miti mia kadhaa ilienda vile kabla watu hawajashituka! Nyuma ikawa ugomvi mkali, wengine wakatisha kwenda tribinali. Lakini majani yalipona, kazi ikaendelea mchana, na mwaka wa 2007, mashindano ya US Open yalipofika pale, kilima kilikuwa wazi tena sawa siku za Fownes.

Siye tunaona kazi ilikuwa ya akili, ila kujificha hatukusifu. Mutu analipa mchango wake, siku moja anakuta muti haupo. Na wewe ungekasirika. Wangewaonyesha tu pahali pawili, pamoja penye kivuli na pamoja penye jua, wangeelewa.

Tena, musichukue hii habari ili kutetea makala. Miti ya Oakmont ilipandwa na watu kwa urembo, na muti ulipotoka, majani yalifunika udongo asubuhi ileile. Porini kwetu, muti ukiisha kuwa makala, udongo unabaki uchi, mvula inaubeba mpaka mutoni. Na kama muembe wa lupango unafunika mboga, kata kwanza matawi ya upande jua inatokea, kisha ngojea majira moja ya mvula uone.