Mzizima, Kijiji cha Zamani

Mahali ulipo leo mji wa Dar es Salaam, hapo kale palikuwa na kijiji kidogo cha pwani, jina lake Mzizima. Wenyeji wake walikuwa Washomvi na Wazaramo, na kazi zao zilikuwa uvuvi na kilimo. Kazi hizo hutaka msaada wa jirani. Ngalawa huchongwa katika gogo moja la mti, nalo ni zito. Mtu mmoja hawezi kulishusha majini peke yake.

Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja aliipenda bandari ile, kwa kuwa imekingwa na upepo. Akajenga jumba na nyumba za mawe, akauita mji wake Dar es Salaam. Alipokufa mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuiendeleza kazi ile, na majengo mengi yakawa magofu. Lakini watu wa Mzizima waliendelea kulima na kuvua.

Mwaka 1887 wakafika Wadachi, na mwaka 1891 wakahamishia huko makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo. Wakajitwalia pwani kwa ofisi na nyumba zao, na wenyeji wakasukumwa mbali na bahari. Ndivyo kijiji kilivyomezwa na mji.

Hata hivyo uvuvi haukukoma. Mpaka leo wavuvi huleta samaki sokoni Kivukoni alfajiri, na kazi yao ni kongwe kuliko mji wenyewe.